Namna Mkopo wa Nyumba Unavyohama, na Unavyogoma

Kuhamisha mkopo wa nyumba ni utaratibu wa kibenki, uliozoeleka hasa Uingereza, unaomruhusu mtu anayeuza nyumba aliyoinunua kwa mkopo kwenda na masharti ya mkopo huo kwenye nyumba anayohamia. Siku ya kuhama karibu kila kitu hupanda lori: kabati, jokofu, baiskeli za watoto, kinu na mchi wake. Kisichopanda ni mkopo wenyewe. Deni la zamani hulipwa lote pindi nyumba ya zamani inapouzwa, na siku hiyohiyo benki ileile humkopesha mtu yuleyule deni jipya, dhamana ikiwa nyumba mpya. Kinachovuka mtaa ni riba tu: kiwango chake, muda wake uliobaki na vijisharti vyake. Vituko karibu vyote vinavyowapata watu katika shughuli hii vina chimbuko moja. Mwenye nyumba anaamini kwamba anahama; benki inafahamu kwamba inakopesha.

Sababu iko kwenye rehani. Benki haimwamini mtu kwa uso wake. Inaiamini nyumba, tena nyumba moja mahsusi, yenye namba yake katika ofisi ya usajili wa ardhi. Kwa anayehama kutoka Leicester kwenda Coventry, nyumba ya Leicester ikiuzwa, rehani yake hufutwa kwenye daftari. Nyumba ya Coventry ikinunuliwa, huandikiwa rehani yake upya. Haiwezekani mnunuzi wa Leicester akae katika nyumba iliyoshikwa kwa deni la mtu aliyekwisha kuhama, na hata kama yeye ni mpole wa kukubali, wakili wake hatakubali. Kwa hiyo deni sharti life kwanza ndipo lizaliwe tena. Vijitabu vya benki husema mkopo unahamishika. Aya yenye herufi ndogo chini ya ukurasa huongeza kwamba utahamishika iwapo mkopaji, kipato chake na nyumba yake mpya vitakubaliwa siku ya kuomba.

Kwa miaka mingi aya hiyo haikuwa na msomaji. Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake hadi asilimia 0.1 Machi 2020 na kuiacha hapo mpaka Desemba 2021, na katika kipindi hicho mkopo wa nyumba wenye riba isiyobadilika kwa miaka miwili au mitano ulipatikana kwa chini ya asilimia 1.5. Kisha bei za vitu zikapaa, Benki Kuu ikapandisha riba mara 14 mfululizo, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Katikati ya safari hiyo, tarehe 23 Septemba 2022, Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng alisoma bajeti ndogo iliyoyatikisa masoko kiasi kwamba benki ziliondoa mamia ya aina za mikopo ndani ya siku chache, naye mwenyewe akaondolewa wiki tatu baadaye. Aliyefunga riba ya asilimia 1.4 mwaka 2021 aliamka akiwa tajiri bila kuongezewa hata senti. Chukua deni la paundi 180,000. Kwa asilimia 1.4, riba ya mwaka ni paundi 2,520. Kwa asilimia 5 ni 9,000. Tofauti ni paundi 540 kila mwezi, kwa ajili ya kulala chini ya paa jingine. Watu wenye riba kama hiyo huitaja kwenye mazungumzo kama wengine wanavyomtaja mtoto aliyefaulu udaktari, na ni nadra kusubiri waulizwe.

Kuna kamba ya pili inayowafunga. Mkopo wa riba isiyobadilika huja na faini ya kulipa mapema, ambayo kwa mkopo wa miaka mitano aghalabu huanzia asilimia 5 ya deni katika mwaka wa kwanza na kuteremka kidogo kidogo hadi 1. Mwenye deni la paundi 180,000 akilimaliza katika mwaka ambao faini ni asilimia 3, hutozwa paundi 5,400 kwa kosa la kulipa alichodaiwa. Mangi wa duka la mtaani, ambaye hajawahi kuona mtu akifunga ukurasa wake wa madeni kabla ya mwisho wa mwezi, angeona haya ni masihara. Benki nayo ina hoja yake: fedha hizo ilizipata kwa mikataba ya muda uleule wa miaka mitano, na mteja anayeondoka katikati anaiachia gharama. Hoja ni ya kweli. Haimfariji anayelipa.

Kuhamisha mkopo, basi, ndiyo njia ya kuondoka bila faini na bila kuipoteza riba nzuri, na shughuli huanza kwa simu. Mteja ambaye amelipa miaka minane bila kukosa mwezi hupiga akitarajia pongezi, pengine na maswali mawili matatu kuhusu nyumba mpya. Anachopata ni fomu ya maombi. Inauliza jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, mwajiri wake, na kama amewahi kufilisika. Inataka stakabadhi za mshahara, taarifa za akaunti za miezi mitatu, kitambulisho, na uthibitisho wa anwani. Hapo wengi hukwama kwa mshangao, kwa kuwa anwani inayotakiwa kuthibitishwa ni ya nyumba ambayo benki hiyohiyo imeishika rehani kwa miaka yote minane na huiandikia barua. Bili ya maji hukata shauri.

Ukali huu una tarehe. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, mamlaka inayozisimamia benki ilitunga kanuni zilizoanza kutumika tarehe 26 Aprili 2014, zinazoidai benki ijiridhishe kwamba mkopaji ataweza kulipa, hata riba ikija kupanda. Kabla ya hapo palikuwa na mikopo ambayo mtu alijaza kipato chake mwenyewe, akaaminiwa, na baadhi ya watu waligundua siku hiyo kwamba wana mishahara mikubwa kuliko walivyodhani. Kanuni mpya zilikuwa na haki ya kuja. Ziliacha pia mlango wazi: benki inaruhusiwa kumlegezea mteja wa zamani asiyeongeza deni. Inaruhusiwa, hailazimishwi, na ruhusa ya aina hiyo benki huitumia kwa ubahili.

Wanaoangukia pua mara nyingi ni watu ambao maisha yao yamekwenda vizuri. Mwalimu aliyeacha kazi akafungua mgahawa wa biriani unaojaa kila Ijumaa huambiwa alete hesabu za miaka miwili, na mgahawa una miezi kumi na minne. Mama aliye likizo ya uzazi huulizwa atarudi kazini lini na kwa saa ngapi, akiwa amempakata mhusika mkuu wa suala hilo. Aliyetimiza miaka 52 na anayetaka kulipa kwa miaka 25 hutakiwa aeleze akiwa na miaka 77 atakuwa anaingiza nini. Lipo pia jibu moja ambalo limewachefua wengi kuliko yote: mtu anayelipa paundi 900 kila mwezi, na ambaye angelipa 800 akihamia nyumba ndogo, huambiwa kwamba kwa vipimo vya sasa hana uwezo wa kulipa 800. Baada ya hapo anaruhusiwa kuendelea kulipa 900. Waingereza wana jina la watu walionaswa katika mikopo namna hiyo. Huwaita wafungwa wa mikopo, na jela yenyewe kwa kawaida ina bustani nyuma na nafasi ya kuegesha gari.

Kwa kaya zenye asili ya Afrika Mashariki, taarifa ya akaunti huwa na sura za ziada. Kila mwisho wa mwezi kuna fedha zinazokwenda Tanga. Zipo za ada ya shule, za mchango wa harusi, za msiba, na za harusi nyingine ambayo ni dhahiri haikungoja msiba upoe. Afisa wa mikopo, ambaye kazi yake ni kutenganisha matumizi ya lazima na ya hiari, huuliza zile za kila mwezi ziko upande gani. Mteja akijibu kwamba ni za lazima, hukatwa kwenye hesabu ya uwezo wake, na mkopo unapungua. Akijibu kwamba ni za hiari, aombe tu mama aliye Tanga asije akasikia.

Kisha kuna upatu, ambao Kenya huitwa chama. Paundi 6,000 zimeingia kwenye akaunti kwa mkupuo, na wakili anayeshughulikia ununuzi, kwa mujibu wa kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha, anatakiwa ajue zimetoka wapi. Huelezwa kwamba wanawake kumi na wawili hutoa paundi 500 kila mwezi na mmoja wao huchukua zote. Wakili huuliza chombo hicho kimesajiliwa wapi. Hakijasajiliwa. Katiba? Hakina. Riba? Hakuna. Mwenye kukimbia na fedha anashtakiwa wapi? Hajawahi kukimbia mtu. Angekwenda kuishi wapi? Kwa wakili aliyesomea sheria miaka sita, hiki ndicho chombo cha fedha cha kutisha kuliko vyote alivyowahi kusimuliwa. Mwenye uzoefu hukubali maelezo yaliyotiwa saini, pamoja na taarifa za akaunti zinazoonyesha zile 500 zikitoka mwezi baada ya mwezi. Asiye na uzoefu huomba picha ya kundi la WhatsApp, kisha hujuta, kwa sababu hupewa na sauti zake.

Zawadi kutoka kwa jamaa ina barua yake maalumu. Mtoaji hutia saini kwamba fedha ni zawadi kamili, si mkopo, na kwamba hatadai sehemu yoyote ya nyumba. Barua hiyo ikitumwa kwa mjomba aliye Muscat, simu hailali.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Nimeiona karatasi yenu. Nani kakwambieni kwamba nilikuwa nadai?”

“Hakuna mjomba, ni benki tu inataka.”

“Benki imeambiwa na nani?”

Saini hupatikana, ila baada ya mjomba kueleza kwa urefu mambo yote ambayo hajawahi kuyadai tangu 1994.

Mkopaji akipita, huja zamu ya nyumba. Benki humtuma mthamini, ambaye mteja mara nyingi ndiye anayemlipia, ingawa ripoti yake huandikwa kwa ajili ya benki. Swali analojibu ni moja: mteja akishindwa kulipa, nyumba hii itauzika? Kwa jicho hilo nyumba nyingi zinazopendeza huharibika ghafla. Paa la nyasi, ambalo mtu wa Kilwa angelitazama kwa mazoea, Uingereza ni fahari ya vijijini na kero kwa benki na kampuni za bima. Fleti iliyo juu ya duka la chipsi na samaki hutiliwa shaka kwa harufu, moshi na kelele za usiku, hata kama mnunuzi ameipenda kwa sababu hizohizo. Zipo nyumba za zege zilizounganishwa kwa vipande vya kiwandani baada ya Vita Kuu ya Pili, ambazo baadhi ya aina zake zilitajwa kisheria kuwa na kasoro mwaka 1984. Benki nyingi huzipisha mbali. Fleti iliyobakiza chini ya miaka 80 kwenye hati yake ya ukodishaji wa ardhi hukunjiwa uso, ingawa miaka 80 inamtosha mnunuzi na masazo. Kuna na gugu moja la Kijapani, lililofika Uingereza karne ya kumi na tisa kama pambo la bustani. Shina lake hufanana na mwanzi, majani yake yana umbo la moyo, na likikatwa huchipuka tena kutoka kwenye kipande kidogo cha mzizi. Mthamini akiliona karibu na ukuta, huandika. Benki ikishasoma, riba ya asilimia 1.4 haiendi popote mpaka uletwe mpango wa mtaalamu wa kuling'oa, wenye dhamana ya maandishi. Muuzaji huwa ameliita ua.

Kuhusu kiasi cha deni, hali ni rahisi kwa mtu mmoja tu: yule anayehama akihitaji mkopo ulio sawasawa na ule anaoulipa. Huyu hutajwa sana kwenye mifano na huonekana mara chache sana mitaani. Wengi wanahamia nyumba kubwa. Mwenye deni la 180,000 anayehitaji 240,000 huhamisha zile 180,000 kwa asilimia 1.4, na kwa zile 60,000 huuziwa riba ya siku hiyo, tuseme asilimia 5. Kuanzia hapo ana mkopo wenye vipande viwili katika nyumba moja. Kipande cha kwanza riba yake inaisha 2026, cha pili 2029. Kile cha kwanza kikiisha, anataka kuondoka kwenda benki nyingine yenye nafuu; kile cha pili kinamdai faini akiondoka. Akikingoja cha pili, cha kwanza tayari kimepata riba mpya na faini mpya. Vipande hivyo vikiachwa vifuate kalenda zao, vinaweza kupishana mlangoni mpaka mwenye nyumba astaafu. Washauri wa mikopo wanalijua hili, na mzuri kati yao hupanga tangu mwanzo vipande viishe pamoja, hata kama kwa kufanya hivyo mteja hupata riba ya juu kidogo kwenye kile kipya. Ni ushauri unaostahili kulipiwa.

Anayehamia nyumba ndogo hudhani ataachwa kwa amani. Akihitaji 120,000 tu, zile 60,000 zinazobaki huhesabiwa kuwa zimelipwa mapema, na faini hutozwa juu yake; kwa asilimia 2 ni paundi 1,200. Mikopo mingi huruhusu kulipa asilimia 10 ya ziada kila mwaka bila faini, na benki nyingine huiondoa asilimia hiyo kwanza kabla ya kupiga hesabu. Hapo faini hushuka hadi paundi 840, na mteja huhisi amepewa kitu.

Nje ya Uingereza mambo huchukua sura nyingine. Marekani riba hufungwa kwa miaka 30, lakini sheria ya 1982 inampa mkopeshaji haki ya kudai deni lote nyumba inapouzwa, na kuhama na riba si jambo la kawaida huko. Ni baadhi tu ya mikopo yenye udhamini wa serikali ambayo mnunuzi anaweza kuirithi kutoka kwa muuzaji. Waliokopa kwa chini ya asilimia 3 mwaka 2021, walipoona Oktoba 2023 riba mpya inakaribia 8, waliamua kutohama kabisa, na watoto wakaendelea kubanana chumba kimoja kwa faida ya hesabu. Denmark ndiko kwenye utaratibu unaowatia watu wengine wivu. Huko mkopo wa nyumba hutokana na hati fungani zinazouzwa sokoni. Riba ikipanda, bei ya hati hizo hushuka, na mwenye nyumba anaweza kuzinunua na kulifuta deni lake kwa kiasi kilicho chini ya alichodaiwa.

Kenya na Tanzania tatizo hili halijapata watu wa kutosha. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba kama elfu thelathini, na Tanzania haifiki elfu kumi, licha ya kuanzishwa kwa kampuni za kuzikopesha benki fedha za muda mrefu: TMRC kwa Tanzania mwaka 2010 na KMRC kwa Kenya mwaka 2018. Riba ya mikopo mingi hupanda na kushuka, kwa hiyo hakuna riba ya zamani ya kuililia. Kinachohama huko ni deni kutoka benki moja kwenda nyingine, nyumba ikibaki palepale: benki mpya hulinunua deni, rehani ya zamani hufutwa, mpya husajiliwa, mke au mume hutia saini ya ridhaa, na hati huzunguka kwenye ofisi za ardhi kwa mwendo wake wenyewe. Isitoshe, wengi hujenga kwa fedha mkononi, tofali kwa tofali, na mtu wa namna hiyo akipata uwezo wa nyumba kubwa zaidi haiuzi ya kwanza. Huiweka mpangaji.

Kurudi Uingereza: barua ya mkopo ikishatolewa, kazi inayobaki ni kuufanya uuzaji na ununuzi vitokee siku moja. Hapa mteja huingia katika kile kinachoitwa mnyororo. Anayenunua nyumba yake anauza nyumba kwa mtu ambaye naye anauza yake. Anayemwuzia yeye ananunua kwa mjane ambaye bado hajaamua aende kuishi kwa binti gani. England na Wales, kukubaliana bei hakumfungi mtu yeyote mpaka mikataba ibadilishwe, jambo linaloweza kuchukua miezi. Katikati ya miezi hiyo anaweza kutokea mnunuzi mwenye dau kubwa zaidi, au mnunuzi aliyepo akakumbuka, wiki ya mwisho, kwamba paa lilimtia wasiwasi wa paundi 5,000. Uskoti watu hufungana kisheria mapema zaidi na hulala vizuri zaidi. Mjane akibadili mawazo, mnyororo wote hurudi nyumbani, na barua ya mkopo, ambayo kwa kawaida huwa hai kati ya miezi mitatu na sita, huendelea kuzeeka kwenye droo.

Mauzo yakikamilika kabla ya ununuzi, riba hubaki hewani. Benki humtoza mteja faini yote, kisha humrudishia iwapo atakamilisha ununuzi ndani ya muda uliowekwa. Muda huo hutofautiana sana baina ya benki na benki. Zipo zinazotoa miezi kadhaa, na zipo zinazotaka yote yafanyike siku moja. Hata pale yanapofanyika siku moja, hutokea idara inayofunga mikopo ikampelekea wakili hesabu yenye faini ndani yake, kwa kuwa idara inayofungua mikopo haikuiambia kwamba mteja ni yuleyule. Wakili hulipa asilimbikize riba. Marejesho huja baadaye, yakiambatana na barua inayomkaribisha mteja kwenye benki aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Siku yenyewe watu hupenda iwe Ijumaa, ili wapate Jumamosi na Jumapili ya kupanga vitu. Kwa kuwa wote hupenda hivyo, Ijumaa malori hayapatikani, mawakili hawapokei simu, na fedha ikikwama hukwama mpaka Jumatatu. Fedha hupita kwenye mtambo wa malipo makubwa wa Benki Kuu, CHAPS, ambao tarehe 20 Oktoba 2014 ulisimama kwa takriban saa kumi na kuziacha familia zimekaa kwenye malori yao nchi nzima. Siku za kawaida husimama watu, si mtambo. Benki hupeleka mkopo mpya kwa wakili. Mnunuzi wa nyumba ya zamani hupeleka fedha zake. Wakili hulipa deni la zamani, huongeza salio, na kuzisukuma kwa wakili wa mbele. Mpaka wakili huyo aseme zimefika, dalali hatoi ufunguo. Kwa saa kadhaa mtu huyo hana nyumba, hana ufunguo, na kwa mujibu wa vitabu ana madeni mawili.

Vitu, wakati huo, viko barabarani. Wapakuaji wanaolipwa kwa saa hupenda kuanza kushusha kilicho karibu na mlango wa lori, na kilicho karibu na mlango ni kile kilichopakiwa mwisho kwa sababu hakikuingia kwenye boksi lolote. Mbuzi ya kukunia nazi hukaa peke yake ukingoni mwa barabara: kiti kifupi cha miguu ya kukunjana, ulimi wa chuma wenye meno umechomoza mbele. Jirani mpya aliyetoka kumtembeza mbwa hukisimamia, hukizunguka, huuliza kwa adabu kama ni kifaa cha kuvulia viatu vya mvua. Huku simu inaita; ni mama mkwe.

“Mmeshaingia, mwanangu?”

“Bado mama, fedha haijafika.”

“Fedha gani tena? Si mlishalipa?”

“Tumelipa mama. Inahesabiwa.”

“Miaka minane mnalipa, leo ndiyo inahesabiwa?”

Hoja ya mama mkwe, kwa kiasi kikubwa, ndiyo ile ya utangulizi wa vitabu vyote vya somo hili, na hakuna mshauri wa mikopo aliyewahi kuijibu vizuri zaidi ya mkwewe.

Baada ya ufunguo kupatikana huja malipo ya mwezi wa kwanza, ambayo ni makubwa kuliko ya kawaida, kwa kuwa hujumlisha riba ya zile siku zilizosalia za mwezi wa kuhamia. Makato ya mkopo wa zamani huweza kuchukuliwa mara moja zaidi, kama amri ya benki ilishapangwa, na kurudishwa baadaye. Bima ya nyumba mpya huwa imekatwa tangu siku ya kubadilishana mikataba, maana England hatari ya moto na mafuriko kwa kawaida humhamia mnunuzi siku hiyo; kwa majuma kadhaa mtu huwa anazilinda nyumba mbili.

Riba iliyohamishwa haiongezewi muda. Iliyofungwa kwa miaka mitano kuanzia Juni 2021 huisha Juni 2026 hata kama miezi mitano ya mwisho ililiwa na mjane, mthamini na gugu. Ikikaribia kuisha, benki humwandikia mteja kumpa riba nyingine achague. Hahitaji ombi jipya kwa hilo, wala stakabadhi ya mshahara, wala mthamini wa kuja kusimama bustanini. Madhali hahami na haongezi deni, mteja yuleyule aliyepekuliwa mfukoni mpaka kwenye upatu hubofya mara chache kwenye simu, na riba mpya huanza mwezi unaofuata.